Hadubini sita za stoo

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimezitoa zote. Sita. Zilikuwa nyuma ya magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, mbili ndani ya masanduku yao ya mbao, nne zimevishwa mifuko ya rambo. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo bila kumuuliza mtu najua zimelala humo tangu kabla ya hapo. Panya wamezaa kwenye sanduku moja. Ufunguo wa stoo umepita mikononi mwa walimu watatu na wote wameniambia zile ni mbovu, ila hakuna aliyeweza kuniambia ubovu wenyewe ni upi.

Sababu ya kuhangaika ni hii: kwenye kikao cha wazazi, mzazi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisimama akasema atainunulia maabara hadubini mpya "inayokuza mara 2000", ameiona kwenye simu. Makofi. Mkuu wa shule akanitaka niandike barua ya vipimo. Nikaomba nipewe hadi mwisho wa Agosti niangalie kwanza tulicho nacho. Alinitazama kama mtu aliyekataa pilau.

Nimezibandika namba kwa plasta. Namba 1, kioo cha chini kimepasuka. Namba 2, lenzi ya 40, yaani ile ya chini inayokuza mara 40, inaonyesha moshi mtupu. Namba 3, kuna kitu kama utando wa buibui ndani ya lenzi. Namba 4 kwa macho ni nzima, ila ukiiacha inateremka yenyewe na picha inapotea. Namba 5, gurudumu dogo la fokasi, la kunoa picha, halizunguki. Namba 6 haina lenzi ya jicho. Hiyo ya mwisho najua ilikokwenda: kila mwanafunzi wa kiume aliyewahi kuchoma karatasi kwa lenzi juani anajua.

Jumatatu, 14 Julai

Baada ya vipindi nimebeba namba 4 hadi dirishani, mkono mmoja shingoni mwake na mwingine chini ya kitako. Hazibebwi kwa shingo tu kama kuku, maana lenzi ya jicho huwa imechomekwa tu na inaweza kuchomoka njiani.

Julai ya mji wa Moshi mnaijua. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa, mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati, na saa tisa alasiri darasani kuna giza la magharibi. Hadubini hizi hazina taa. Zina kioo chini, upande mmoja bapa na mwingine mbonyeo, unachokigeuza kutafuta mwanga wa nje. Yenye kondensa, yaani lenzi ya kukusanya mwanga inayokaa chini ya meza ya slaidi, inataka upande bapa, kwa kuwa kazi ya kukusanya imeshapata mwenyewe. Isiyo na kondensa, kama namba 1 na namba 6, inataka upande mbonyeo. Nimezungusha weee, nikaambulia duara la kijivu ambalo nusu yake ni nyeusi. Ganda la kitunguu nililoliweka limeonekana kama kivuli cha neti.

Mwalimu mwenzangu akashauri nisubiri jua litoke nielekeze kioo kwalo. Hapana, hapana kabisa. Lenzi zote zile zitalikusanya jua na kulimwaga moja kwa moja ndani ya jicho. Anga jeupe linafaa, au ukuta mweupe unaopigwa na jua. Jua lenyewe kamwe.

Jumamosi, 19 Julai

Meku, mzee niliyemwita anisaidie, amefika saa tatu kwa bodaboda kutoka Kiboriloni, koti zito na begi la ngozi. Alisoma slaidi za malaria hospitalini kwa miaka thelathini na mbili kabla ya kustaafu.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba mwanangu. Maiti ziko wapi?"

Nilikuwa na kitambaa mkononi tayari. Akakichukua, akakinusa, akakiweka mfukoni mwake. Kilikuwa cha kufutia ubao. Chaki ni mchanga, akasema, na mchanga kwenye lenzi ni sawa na kusugua kioo cha saa kwa msasa. Halafu akaniambia jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa wiki nzima: usifute kitu ambacho hujakiona.

Alichomoa lenzi ya jicho, akaigeuza kichwa chini, akaishika mbele ya jicho lake kama sonara. Ikigeuzwa hivyo inakuwa kioo cha kukuzia. Akafungua lenzi ya 40 ya namba 2, akaileta karibu mpaka ikaonekana, akanipa. Uso wa lenzi ulikuwa na ganda la rangi ya asali, limepasukapasuka kama tope la mfongo, mfereji wa maji, uliokauka. Mafuta. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alitumia lenzi ya 100 na tone lake la mafuta, kisha akarudisha lenzi ya 40 juu ya slaidi ileile bila kufuta. Lenzi ya 100 imetengenezwa kuoga mafuta. Ya 40 ni kavu, na mafuta yakikaukia pale inaona kama mtu mwenye mtoto wa jicho.

Tulisafisha hivi. Kwanza kupuliza vumbi kwa pampu ya mpira ya kusafishia pua za watoto, ya duka la dawa. Si kwa mdomo, mate yanaruka. Kisha pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti cha meno, na zailini, kiyeyushi tulichokiomba stoo ya Kemia, kiasi cha kulowesha tu, kwa sababu ikizidi inapenya na kulegeza gundi inayoshika lenzi. Unaanzia katikati unazungusha kwenda nje, pamba unatupa, unachukua nyingine. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia. Ya sita ilitoka nyeupe. Katikati ya kazi alininyang'anya kijiti, nadhani nilikuwa nakandamiza.

Namba 3 aliiinua tu dirishani, akaangalia kupitia lenzi ya 40, akatikisa kichwa. Ule utando ni kuvu. Masika ya mji huu na stoo isiyo na dirisha, kuvu anapata kila anachotaka, na akishakaa sana asidi yake inakula uso wa kioo. Ukimfuta, alama yake inabaki. "Huyu hatibiki. Mchukue viungo." Uzi wa kufungia lenzi za chini ni wa kipimo kimoja karibu duniani kote, milimita 20.32, uliowekwa na chama cha wanahadubini cha London karne ya 19, kwa hiyo lenzi ya kampuni moja inaingia kwenye chombo cha kampuni nyingine. Lenzi ya jicho ya namba 3 imehamia namba 6. Kioo chake cha chini kimehamia namba 1. Zimebaki tano, na adhuhuri haijafika.

Kabla hajaondoka kanionyesha namna ya kumtafuta mchafu. Ukiona doa, zungusha lenzi ya jicho kwa vidole. Doa likizunguka nalo, liko hapo. Lisipozunguka, sogeza slaidi. Likienda na slaidi, liko kwenye slaidi. Likikataa kote, badilisha lenzi ya chini. Likiondoka, ni la ile lenzi. Likibaki hata hapo, shuka kwenye kondensa na kioo. Mimi nilikuwa nafuta vyote kwa zamu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimechoka kusubiri jua. Nimenunua LED nyeupe kumi na resista kwenye duka la spea za redio karibu na stendi. Hesabu ni ndogo: chaja ya simu inatoa volti 5, LED inakula kama volti 3, zinabaki 2. Kwa mkondo wa miliampia 20, resista ya omu 100. Nimezichomelea kila moja ndani ya kizibo cha chupa ya maji, juu yake nikaweka kipande cha mfuniko mweupe wa kopo la siagi. Kipande hicho ndicho siri. Bila hicho unaona sura ya LED yenyewe, doa kali katikati na giza pembeni. Nacho, duara lote linajaa mwanga wa maziwa.

Umeme ulikatika nikiwa najaribu. Nikachomeka kwenye pawabenki. Ikawaka.

Ganda la kitunguu cha soko la Mbuyuni, lilelile la wiki iliyopita, limeonekana na kuta zake zote. Hadubini ileile. Lenzi zilezile.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ya aibu, naiandika hivyohivyo.

Namba 4 inayoteremka yenyewe: nilidhani ina kiu ya mafuta. Jana jioni nikaipa mafuta ya cherehani, matone manne. Leo asubuhi nimekuta meza ya slaidi imeshuka hadi chini kabisa na mafuta yamechuruzika mpaka kwenye kondensa. Meku alipoona hakusema neno, alivuta kiti tu. Mafuta mepesi yanaondoa hata ule msuguano mdogo uliokuwa unaishikilia. Pale panatakiwa grisi nzito, kidogo, kama unavyopaka mtoto mafuta puani.

Tukaosha meno ya chuma kwa mafuta ya taa na mswaki, tukakausha, tukapaka grisi. Bado ikateremka, ila polepole. Ndipo akashika magurudumu makubwa mawili, la kulia na la kushoto, akayazungusha kwa kuyapinganisha, moja mbele moja nyuma, mpaka yakakaza. Ikasimama. Yaani dawa ilikuwa kukaza, na mimi nikaipa kuhara.

Namba 5 tuliijaribu. Gurudumu dogo halisogei hata kidogo. Akanionya nisilazimishe, kwa kuwa meno ya ndani yake ni laini na yakikatika hakuna spea.

Jumamosi, 2 Agosti

Hii nataka niieleze kwa kirefu kwa sababu imenila saa tatu.

Namba 2, ile tuliyoisafisha kwa kijiti cha meno. Lenzi ya 4, picha safi. Lenzi ya 10, safi. Nageuza ya 40, hakuna kitu, ukungu tu. Nikageuza gurudumu dogo kushoto, kulia. Nikahisi lenzi inagusa kioo. Nikaifungua nikaikagua kwa lenzi ya jicho iliyogeuzwa: inang'aa. Nikaihamishia namba 4: ukungu. Nikachukua lenzi ya 40 ya namba 4, nikairudisha namba 2: ukungu. Sasa nina lenzi mbili mbovu kwa wakati mmoja, na moja wiki iliyopita ilikuwa nzima. Nikaanza kuandika barua ya vipimo kichwani.

Meku alikuwa anakunywa chai. Akanyanyuka, akachukua slaidi yangu, akaipindua, akairudisha mezani, akakaa.

Nikaangalia. Kitunguu kile pale.

Nilikuwa nimeweka slaidi juu chini, kioo cha kufunikia kikitazama sakafu. Kwa lenzi ya 4 na ya 10 hilo halidhuru, zinaona kwa mbali. Lenzi ya 40 inapokuwa kwenye fokasi, ncha yake iko kama milimita 0.6 tu juu ya kitu. Slaidi yenyewe ina unene wa milimita 1 hivi. Nikiipindua, kitu kinakaa chini ya milimita nzima ya kioo, lenzi inagonga kabla haijafika. Haiwezi kuona hata ungeibembeleza vipi.

Akanionyesha maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa lenzi, ambayo miaka yote nilidhani ni namba za kiwanda: 40/0.65 na chini yake 160/0.17. Hiyo 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, kutoka lenzi ya chini hadi ya juu. Hiyo 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia ambacho lenzi imepigiwa hesabu, milimita 0.17. Ukiweka slaidi bila kifuniko, au ukafunika kwa kipande cha slaidi nyingine kama nilivyofanya nilipokuwa chuoni, lenzi ya 40 inakununia. Na 0.65 akasema tutaizungumza siku nyingine.

Nimeandika utaratibu, nimeubandika ukutani kwa mwandiko mkubwa. Anza na lenzi ya 4 kila mara, hata kama una haraka. Ukitumia gurudumu kubwa, jicho liwe pembeni likiangalia pengo kati ya lenzi na slaidi. Ukiwa unachungulia ndani, mwendo uwe wa kutenganisha tu, usiwe wa kukutanisha. Ukishahamia lenzi ya 40, gurudumu kubwa halipo, limekufa, gusa dogo. Lenzi za hadubini moja hupangwa zishikane fokasi, ukigeuza unarekebisha kidogo tu. Za kwetu za kuchanganya hazishikani vizuri kihivyo, tutavumiliana.

Jumanne, 5 Agosti

Kidato cha pili, namba 1, 2, 4 na 6 mezani. Nimekata herufi "e" kwenye gazeti, tukaiweka chini ya lenzi ya 4. Imeonekana imepinduka, kichwa chini na kulia kushoto. Ukisogeza slaidi kulia, herufi inakimbilia kushoto. Darasa likacheka. Kisha tukafunga mapazia, nikachomoa lenzi ya jicho na kuweka karatasi ya mafuta mdomoni mwa bomba. Baada ya kurekebisha kidogo, "e" ikaonekana hafifu juu ya karatasi, imeshapinduka. Ndiyo kazi ya lenzi ya chini: inajenga picha hewani, ndani ya bomba, kubwa kuliko kitu. Ya jicho haijui kitu wala slaidi, inaikuza ile picha tu. Ndiyo maana zinazidishwa: 40 kwa 10, mara 400.

Tukaweka rula ya plastiki. Kwa lenzi ya 4 uwanja, yaani duara lote unaloliona, una milimita 4 na nusu. Basi kwa ya 10 ni 1.8, kwa ya 40 ni 0.45, hakuna haja ya kupima tena. Kwa lenzi ya 10 binti mmoja akahesabu seli 6 za kitunguu kutoka ukingo hadi ukingo, kwa urefu wake. Akagawa: milimita 0.3 kila moja. Amepima seli kwa rula ya shilingi mia tano.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wamepanda Coaster kwenda viwanja vya Themi, Arusha. Mimi nimefua vitambaa vya pamba.

Jumatano, 13 Agosti

Seli za shavu. Kila mtu anajikwangua ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, anapaka kwenye tone la maji, anafunika. Kioo cha kufunikia kinashushwa kwa mshazari, ukingo mmoja kwanza, la sivyo viputo vya hewa. Na viputo vina duara jeusi zuri sana ambalo nusu ya darasa hulichora likiandikwa "seli".

Leo sikuwapa rangi makusudi. "Mwalimu, hamna kitu." Kundi la pili: hamna kitu. Nikawaambia wafunge dayaframu, ule mlango wa mwanga chini ya kondensa, taratibu huku wanaangalia. Mvulana wa kundi la tatu akapiga ukelele. Zilikuwepo muda wote, bapa, za pembe pembe kama yai lililokaangwa, kila moja na kiini chake. Mwanga ulikuwa mwingi mno, umezizamisha. Seli ya shavu ni karibu maji matupu, haizuii mwanga, na ukiimulika kwa nguvu inakuwa kama nailoni juani.

Wakagundua utamu, wakafunga mpaka mwisho. Hapo kila kitu kikapata mstari mweusi pembeni, mara mistari miwili, na vumbi likaonekana kama kito. Mistari hiyo haipo, ni mwanga unaojikunja kwenye kingo. Kipimo ninachotumia ni cha Meku: chomoa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba, utaona duara la mwanga mgongoni mwa lenzi ya chini. Funga dayaframu hadi duara libaki robo tatu yake hivi. Rudisha lenzi. Na ukibadilisha lenzi, unapanga upya.

Mwisho nikawapa buluu ya methilini, tone moja ukingoni, karatasi ya kunyonya ukingo wa pili. Viini vikaingia rangi mbele ya macho yao, kimoja kimoja. Hapo sikuwa na la kusema.

Jumamosi, 16 Agosti

Mzazi wa hadubini ya mara 2000 amekuja mwenyewe. Nilimwalika. Nikamkaribisha kwenye namba 2, slaidi ya shavu.

"Mwalimu, naona nyasi nyeusi zinachezacheza."

Kope zake. Nikamwomba arudishe jicho nyuma kama sentimita moja, asiliegemeze, na asifumbe la pili. Akakaa kimya kidogo. "Hizi ni za nani?" Za mtoto wako, nikamwambia. Ametazama dakika kumi nzima.

Kisha akauliza kuhusu ile ya simu. Je, ni uongo? Nikamjibu si uongo, ni kuzidisha: lenzi ya jicho ya 20 kwa ya chini ya 100 ni 2000, hata hapa tunaweza. Tatizo liko kwenye ile namba ya pili, 0.65 na nduguze. Inaonyesha lenzi inakusanya mwanga kutoka upana gani. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi na watengenezaji wa hadubini wa Jena, alionyesha kwamba nukta mbili zikikaribiana kupita kiasi fulani, lenzi haiwezi kuzitenganisha hata iwe safi namna gani. Unachukua urefu wa wimbi la mwanga, unagawa kwa mara mbili ya namba hiyo. Fomula imechongwa kwenye mnara wake hukohuko Jena. Kwa mwanga wa kijani wa maikromita 0.55 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na lenzi ya 0.65 unapata kama maikromita 0.42. Kwa lenzi bora ya mafuta, 1.25, unapata 0.22. Baada ya hapo kukuza zaidi ni kama kuvuta picha ya WhatsApp kwa vidole: inakuwa kubwa, haiongezi habari. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara elfu moja ya hiyo namba. Kwa 1.25, ni 1250. Hiyo 2000 ni vidole kwenye skrini.

Akataka kujua mafuta yanaingiaje. Nilikuwa nimejiandaa. Nikachukua kijiti cha kukorogea cha kile kioo kinachostahimili moto, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji: kinaonekana. Nikakitumbukiza kwenye mafuta ya alizeti: kikapotea. Kimebaki kipande cha juu kinaelea peke yake. Mafuta yale yanapinda mwanga karibu sawa na kioo kile, kwa hiyo mwanga unapita mpakani bila kujua umevuka. Hewa iko mbali na kioo cha slaidi, kwa kipimo cha kupinda mwanga ni 1.0 kwa 1.52, na miale ya pembeni inapinda ikapotea kabla ya kuingia kwenye lenzi. Tone la mafuta maalumu, 1.515, linaziba pengo na miale ile inaingia. Mafuta hayakuzi chochote. Yanaokoa mwanga.

Alikitoa kijiti na kukirudisha mara nne. Mtu wa nondo na saruji, anacheka kama mtoto. Akaniambia niandike orodha ya vinavyohitajika kweli. Slaidi, vioo vya kufunikia, buluu, ayodini, lenzi mbili za jicho za 10. Alitarajia karatasi ndefu zaidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Meku na kidato cha nne, wanne tu. Damu hatuchezei shuleni, amekuja na slaidi zake za zamani zilizokaushwa na kupakwa rangi ya Giemsa. Amewafundisha kusoma, si kuangalia. Unaanzia kona, unakwenda mstari mmoja, unashuka hatua moja, unarudi, kama ng'ombe wa plau. Kabla ya kutamka slaidi ya malaria haina kitu unatakiwa uwe umepita viwanja mia moja kwa lenzi ya mafuta. Binti aliyepima kitunguu alisimama kwenye kiwanja cha thelathini akasema hamna. "Thelathini si mia," akajibiwa, akarudi. Kwenye cha sitini na kitu akaona pete ndogo yenye nukta nyekundu.

Aliwasimulia habari za Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa pale Constantine, Algeria. Novemba 1880 aliangalia damu mbichi ya askari mgonjwa, bila kuipaka rangi yoyote, akaona vijidudu vikichezesha mikia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Na kabla yake kulikuwa na Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi, karne ya 17. Kila hadubini yake ilikuwa na lenzi moja tu, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyobanwa kati ya vibati viwili. Mojawapo iliyosalia inakuza karibu mara 270. Kwa kitu hicho aliona bakteria. Mwanafunzi mmoja akauliza alikuwa anatumia taa gani. Meku akafurahi sana na swali hilo, akamkaribisha chai.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepeleka ripoti kwa mkuu wa shule, ukurasa mmoja. Zinafanya kazi nne: 1, 2, 4 na 6. Namba 3 ni spea. Hakuna kununua hadubini mwaka huu.

Makazi yamehama kutoka stoo kwenda kabati la ofisi ya maabara, lenye balbu ya wati 25 chini inayowaka usiku ili kuvu asipate unyevu. Kuipata balbu hiyo imekuwa kazi, maana lazima iwe ile ya zamani ya waya. Za LED hazitoi joto la maana. Nimeikuta Mbuyuni kwa mama anayeuza vyuma vya mitumba, akanishangaa ninavyoichagua ile inayochoma mkono.

Namba 5 bado. Fundi saa wa karibu na stendi amekubali nimpelekee Jumatatu, kwa sharti nisiifungue mwenyewe. Nimeshaifungua. Skrubu tatu ziko kwenye kikombe cha chai juu ya kabati, ya nne naitafuta kwa tochi.